Nililipia mechi nzima, nikapewa kipande kibovu

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu programu yenyewe haikubali kutuma maoni bila kubonyeza angalau moja. Nimejaribu mara tatu.

Jina la kampuni silitaji. Ni mojawapo ya zile zinazouza tiketi za mkono wa pili kwa simu: mtu ana tiketi hawezi kwenda, anaiweka pale, wewe unanunua, wao wako katikati wanakata chao. Namna ya kujisajili na mengineyo mtayasoma kwao wenyewe. Mimi nina kesi moja tu nao, vile vipande saba.

Nieleze kwanza, maana najua wengi wenu mpira huu wa Marekani mnauona kama watu wanagombania gunia la mkaa. Unachezwa kwa vipande. Wanajipanga, wanavamiana, firimbi inalia, wanajipanga tena. Mtu akiingia na mpira mpaka kule mwisho, hiyo ndiyo tachidauni, goli lao. Basi siku ile timu yetu, ya chuo kikuu cha North Carolina, ilipewa mpira wa kwanza, ikacheza vipande saba, ikatembea yadi 83, na Caleb Hood akaingia nao. 7–0. Uwanja mzima ukapagawa. Baada ya hapo tukapigwa pointi 41 mfululizo bila kujibu. Arobaini na moja. Kwa hiyo mechi nzima, kama ni pilau, ilikuwa na nyama moja tu, nayo ililiwa mimi nikiwa nje ya geti nimeshika simu kama mtu anayesubiri muamala.

Sasa mjue nilivyofika hapo.

Nakaa Durham. Durham ni mji wa chuo kikuu cha Duke, na mtu wa Duke na mtu wa North Carolina ni Simba na Yanga, usidanganywe na suti zao. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 14, amezaliwa huku, akaamua kwa ubishi tu kuwa shabiki wa chuo cha jirani, hao hao North Carolina wa mji wa Chapel Hill, wale wa bluu ya mbingu wanaojiita Tar Heels, yaani visigino vya lami. Usiniulize. Mtoto anachekwa shuleni, ndivyo anavyopenda.

Halafu Desemba 2024 wakamleta kocha mpya, Bill Belichick. Hata mimi niliyekuja huku najua mpira wa Msimbazi tu, jina hilo nilikuwa nalijua. Mzee ana Super Bowl sita, yaani ubingwa wa ligi ya kulipwa ya mpira huu, kama kocha mkuu wa New England Patriots. Alikuwa hajawahi kufundisha timu ya chuo maishani mwake. Siku ya mechi hii alikuwa na miaka 73. Wakampa dola milioni 10 kwa mwaka. Kisha ikatoka hadithi kwamba baba yake alikuwa kocha msaidizi palepale Chapel Hill miaka ya 50, yaani mzee huyu aliwahi kukaa mji huo akiwa mtoto mdogo. Watu wakalia. Tiketi za msimu zikaisha zote. Kazini kwangu kuna mzee mmoja wa kule kule Carolina, kofia yake ya bluu sijawahi kuiona ikitoka kichwani, alinishika bega akaniambia nimpeleke kijana mechi ya kwanza, atawasimulia wajukuu.

Nikafungua programu. Tiketi mbili, viti vya juu kabisa, karibu na ndege. Bei sisemi, mke wangu anasoma hizi. Ila nitasema hivi: juu ya bei waliongeza kitu kinaitwa ada ya urahisi. Kumbukeni hilo neno. Urahisi.

Mechi ilikuwa Septemba 2025, ile Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi ya huku, inaanza saa mbili usiku. Sisi saa kumi na moja jioni tulishaegesha gari. Kijana kavaa jezi, kapaka rangi shavuni, mimi nimenunua kofia ili nisimwaibishe. Franklin Street nzima ni bluu. Kila mtu anamwita mwenzake ndugu. Nilikula soseji mbili na nikapiga picha na watu nisiowajua. Niseme ukweli, mpaka hapo ningewapa nyota tano, sita kama zipo.

Saa moja unusu tuko getini. Nafungua programu. Tiketi yangu, badala ya kile kiboksi cha kuskani, imeandikwa neno moja: Inatumwa.

Nikasema labda mtandao, watu ni wengi. Nikatoka pembeni, nikazima simu, nikawasha. Inatumwa. Kijana akajaribu kwa simu yake kwa akaunti yangu. Inatumwa. Saa mbili kasorobo. Watu wanatupita, simu zao zinalia piii, taa ya kijani, wanaingia wakicheka. Pale getini alikuwepo mama mmoja mtu mzima, nywele nyeupe, fulana ya bluu, ameshika kile kimashine. Akaangalia simu yangu, akatikisa kichwa taratibu, akasema hiyo yeye hawezi kuifungulia, ila tusimame pale kando yake, tusirudi kwenye foleni. Huyo mama sina ugomvi naye mpaka kufa.

Nikaandikia huduma kwa wateja ndani ya programu. Kwanza likanijibu dubwasha, si mtu. Linaniambia limenielewa. Linaniuliza kama tatizo langu ni a) nimesahau neno la siri, b) nataka kuuza tiketi, c) mengineyo. Nikabonyeza mengineyo. Likaniuliza tena kama nimesahau neno la siri.

Saa mbili. Uwanja ule unachukua watu zaidi ya elfu 50, na siku ile ulijaa. Sijui kama mmewahi kusimama nje ya ukuta wa uwanja uliojaa. Hauoni kitu, unaona saruji na migongo ya majukwaa, lakini unasikia kila kitu. Kijana alikuwa anafuatilia matokeo kwa maandishi kwenye simu yake ananisomea. Tulikuwa tunasikia kabla ya kusoma. Kunatulia, halafu mngurumo unapanda, unakatika. Kijana anasoma: yadi kadhaa mbele. Kunatulia. Mngurumo tena. Nilianza kuhesabu bila kupenda. Wa tatu. Wa nne. Kwenye wa tano kijana aliacha kusoma, akaweka kiganja ukutani. Wa saba haukukatika. Uliendelea tu, ukaja na tarumbeta za bendi, ukaja na miguu ya watu juu ya vyuma, nikahisi kwenye meno. Kijana akaniangalia, rangi imeanza kumtiririka kwa jasho.

“Mjomba, tumefunga.”

Nikamwambia nimesikia.

Dakika hiyohiyo, nawaapia, mtu halisi akaingia kwenye mazungumzo. Kwa jina lake la kwanza na kipicha cha kutabasamu. Nikamwandikia kila kitu: niko getini, nina mtoto, mechi imeanza, goli limeshafungwa. Nikasubiri vile vidoti vitatu. Akajibu: “Bwana, mechi bado haijaisha, kwa hiyo huduma yako haijakosekana.”

Isomeni tena. Nimeisoma mara nyingi, nimeisoma kitandani, nimemsomea mke wangu akaniomba nimwache alale. Mechi bado haijaisha, kwa hiyo huduma yako haijakosekana. Kwa hesabu hiyo, ukialikwa harusi ukafika watu wanaosha sufuria, hukukosa, maana maharusi bado wanaishi.

Tiketi ikaja muda baadaye, yenyewe, kimya, hakuna maelezo. Piii, kijani. Yule mama akamgusa kijana begani, akamwambia, “Usijali mwanangu, yako mengi yanakuja.” Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Nami nilimwamini.

Tukapanda ngazi. Kijana anazirukia mbilimbili, mimi roho juu. Tunakaa, naangalia ubao: bado tunaongoza. Nikapumua. Nikajiambia basi, yamekwisha, tuanze upya.

Hapo ndipo mechi yangu ilipoanzia, na naomba mniwie radhi sitaieleza yote. Wageni walikuwa chuo cha TCU kutoka Fort Worth, Texas, nguo za zambarau, wanajiita vyura wenye pembe, na kijana akaniambia kiumbe chenyewe si chura, ni mjusi. Wakasawazisha. Halafu kotabeki wetu, yaani yule mrusha pasi, Gio Lopez, akatupa pasi, jamaa yao mmoja, Bud Clark, akaipokea kama ametumiwa yeye, akakimbia nayo mpaka mwisho. 14–7. Mapumziko 20–7. Tumetoka mapumzikoni, watu hata hawajakaa na vikombe vyao, Kevorian Barnes akapita katikati yadi 75 peke yake kama anawahi daladala ya mwisho. Robo hiyohiyo Lopez akadondosha mpira, wakauokota, wakakimbia nao, tachidauni. Na nyingine pia. 41–7.

Nyuma yetu alikaa baba mmoja mnene na mwanawe wa kike. TCU walipofunga la pili alisimama akapaza sauti, “Milioni kumi!” Watu wakacheka. Wakaongeza pointi akasema tena, “Milioni kumi!” Wachache wakacheka. Ile ya yadi 75 alisema akiwa amekaa. Iliyofuata alisema kwa sauti ya kawaida, kama anamjibu mtu. Ilipofika 41 nikageuka kumwangalia, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Michael Jordan alikuwepo uwanjani usiku ule, Lawrence Taylor naye, wote zao la chuo hicho, na kijana alikuwa amepanga kutafuta Jordan yuko chumba gani kule juu. Hata shingo hakugeuza.

Watu wakaanza kutoka robo ya tatu haijaisha. Si kwa hasira. Kwetu timu ikipigwa hivi utasikia matusi, chupa, mtu anataka kuvunja kiti. Mimi ni mtu wa Msimbazi, Novemba 2023 Yanga walitufunga 5–1, na siku mbili baadaye Robertinho hakuwa kocha wetu tena. Ndivyo ninavyoijua dunia. Hawa walikuwa wanakunja blanketi zao, wanaokota takataka zao, wanamwambia jirani waende salama. Safu nzima mbele yetu ikaondoka kwa adabu. Iliniuma kuliko chupa.

Lakini hapa nisiwe mwongo. Nimesema mechi ilikuwa na nyama moja, na si kweli, zilikuwa mbili. Lopez aliumia akatoka, akaingia Max Johnson. Kijana akanieleza: huyu mwaka uliotangulia, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, alivunjika mfupa wa paja. Mwaka mzima anajiuguza. Akaingia uwanja ukiwa nusu mtupu, akawapeleka mbele pole pole, akatupa pasi fupi, aliyeidaka na kufunga ni Jake Johnson. Ndugu yake wa damu. 41–14. Haikusaidia chochote. Kijana aliruka mpaka kofia yangu ikaangukia safu ya chini, na yule baba wa milioni kumi akatupigia makofi mabegani wote wawili. Kwa hiyo mama wa getini hakutudanganya, isipokuwa kwenye neno “mengi”.

Na kuna jambo jingine. Robo ya nne, kwa vile viti vimebaki wazi, kijana akasema, “Mjomba, tushuke.” Tukashuka. Hakuna aliyetuuliza tiketi. Tukakaa sehemu ambayo mchana ule kwenye programu niliiona bei yake nikafunga simu. Kutoka pale tulimwona Belichick kwa karibu kama ninavyowaona majirani zangu ng'ambo ya barabara. Mzee amesimama peke yake, hakuna anayemsogelea, anatazama uwanja. TCU wakafunga tena, 48. Hakutikisika. Nimesikia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya ukocha mkuu kule kwa wakubwa hakuwahi kufungwa pointi nyingi hivyo. Wageni yadi 542, sisi 222. Alikunja karatasi aliyokuwa nayo mara mbili, akaiweka mfukoni. Kijana alimwangalia muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Babu amechoka.”

Nikajikuta sina hasira na mzee. Na baada ya mechi alikaa mbele ya waandishi akasema wazi kwamba wale wametuzidi kwa uchezaji na wametuzidi kwa ufundishaji. Hakusema mechi bado haijaisha. Mtu mwenye mataji sita amekubali mbele ya nchi nzima kuwa alizidiwa, na kampuni ya kuuza vikaratasi visivyo hata na karatasi imeshindwa kuniandikia neno samahani. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, si kwenye 48.

Usiku ule njiani nilikuwa nimeamua nyota mbili. Moja ya kukaa chini bure, moja ya wale ndugu wawili. Kijana alilala kwenye gari na rangi imebaki upande mmoja wa shavu. Nikasema aa, maisha.

Asubuhi naamka, kuna barua pepe. Inaniuliza: Je, ulifurahia mechi ya jana? Na kipicha cha watu wanaoruka. Nikarudi kwenye nyota moja.

Kazini siku hiyo yule mzee alikuja kichwa wazi. Sikumjua kwa mbali. Ana kipara, kumbe. Nikadhani atamtukana kocha, hakumtukana, alisema tu wachezaji wapya ni wengi mno, kama 70 hivi, hawajajuana hata majina, apewe muda. Halafu akaniuliza kijana alilionaje lile goli la kwanza. Nikashindwa kumwambia. Nikasema aliliona vizuri. Sasa nimekuwa mwongo kwa sababu ya programu ya simu.

Nililalamika rasmi. Siku kadhaa. Dada anasema kosa ni la aliyeuza, hakubonyeza kutuma mapema, kampuni ingefanyaje? Huenda. Mimi namwambia dada, kama ni hivyo ile ada ya urahisi ni ya urahisi wa nani? Hajanijibu. Mwishowe wamenitumia kuponi ya dola 20 ya kununulia tiketi kwao wenyewe, itumike ndani ya siku 30. Barua inaanza kwa “Asante kwa uvumilivu wako.” Samahani haimo. Nimetafuta mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo.

Jumamosi iliyofuata timu ikaenda Charlotte, ikashinda 20–3. Mzee wa kazini amerudi na kofia. Sasa wanacheza nyumbani na Richmond, na watu wanauza tiketi za juu kwa bei ya kutupa, maana wameshamkatia mzee tamaa. Ukitoa ile kuponi, tiketi mbili hazifiki hata nusu ya nilichotoa mara ya kwanza.

Siitumii. Nimeshasema kwa mke wangu, siitumii, heri inioze mkononi. Isipokuwa jana usiku kijana ameniuliza kama yule mama huwa anasimama geti lile lile kila mechi. Nimemwambia sijui. Nikitumia, nitaingia saa tisa mchana kuangalia hilo neno, na likiwa bado linasema Inatumwa narudi hapa kuondoa na hii nyota moja, kama wataniruhusu.